Tangazo Lisilosomeka Si Tangazo

Zamani neno la Serikali lilikuwa na njia zake zinazojulikana. Lilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtendaji, likasomwa kwenye mkutano wa hadhara, likarudiwa redioni jioni watu wakiwa wamekwisha kurudi ziwani na mashambani. Mwenye macho alisoma, asiyeona alisomewa, na kiziwi alielezwa na jirani yake kwa ishara. Hatusemi kwamba njia hizo zilikuwa kamilifu. Wananchi wa visiwani wanajua ni mara ngapi walipata habari karatasi ikiwa imekwisha kunyeshewa na siku ya mwisho ya kupeleka maombi imekwisha kupita. Lakini neno lilipowafika watu, liliwafika kijiji kizima.

Siku hizi neno hilo limehamia kwenye tovuti. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilizinduliwa kwa pamoja mjini Dodoma, na Mkoa wetu wa Mara ukapata sehemu yake: Mkoa wenyewe, Musoma, Bunda, Butiama na wilaya nyingine. Nafasi za kazi, zabuni, matokeo ya mitihani, orodha ya wanafunzi waliochaguliwa, fomu za kujiunga na shule, habari za mikopo ya vikundi, vyote vikaanza kutafutwa humo. Sisi tuliipokea hatua hiyo kwa moyo mkunjufu, na hadi leo hatujabadili msimamo. Mtu wa Rukuba au wa Nafuba ambaye zamani alilazimika kupanda mtumbwi, kulipa nauli, na pengine kulala bara kwa ajili ya karatasi moja, sasa aweza kuitafuta karatasi hiyo kwa simu akiwa kwake. Ndugu zetu wa Ukerewe, ambao huvuka Rugezi hadi Kisorya ndipo waingie Bunda, wanaelewa maana ya jambo hili kuliko sisi tulio bara. Kwa mtu wa kisiwani tovuti ni kivuko.

Basi yatupasa kuuliza kivuko hicho kinampakia nani. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Hao ni zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi. Si wote wanaoshindwa kutumia kompyuta au simu kama zilivyo. Lakini wamo wasioona, wamo wenye uoni hafifu, wamo viziwi, wamo wasioweza kushika na kubonyeza kwa vidole, wamo wanaochelewa kuelewa maandishi magumu. Hawa wanalipa kodi na ushuru kama wengine, na tovuti hizo zimejengwa kwa fedha yao pia.

Wako maofisa ambao ukiwaambia kuwa asiyeona husoma tovuti, hutabasamu kwa mashaka. Tunawaomba wasitabasamu. Asiyeona husoma kwa masikio. Katika simu nyingi za kisasa imo tayari programu inayotamka kila kilichoandikwa kwenye kioo kadiri kidole kinavyopita. Kwa kompyuta iko programu iitwayo NVDA, ambayo kazi ya kuiunda ilianza Australia mwaka 2006 mikononi mwa vijana wawili ambao wenyewe hawaoni, nayo hutolewa bure kwa kila anayeitaka. Kijana aliyejifunza nukta nundu katika shule ya msingi, akaendelea na sekondari na chuo, haoni ajabu yoyote kufungua tovuti na kuisikiliza kwa mwendo wa haraka ambao sisi wenye macho tusingeweza kuufuata.

Kinachomkwamisha kijana huyo ni namna sisi tunavyoandika. Tuchukue desturi moja iliyoenea katika ofisi nyingi za umma. Tangazo la kazi huandikwa vizuri kwenye kompyuta. Kisha huchapwa karatasini, likapelekwa kwa mkubwa likatiwa saini na muhuri, halafu karatasi hiyo hupitishwa kwenye mashine ya kupiga picha, na ile picha ndiyo hupandishwa kwenye tovuti. Kwa macho, picha hiyo ni tangazo. Kwa programu ya kusoma, picha hiyo ni ukuta mtupu. Haina herufi hata moja. Kijana wetu hufungua faili, akasikia neno moja tu kwamba hapa pana picha, halafu kimya. Hajui kama ni nafasi ya uhasibu au ya udereva, wala hajui mwisho wa kupokea maombi ni lini. Maneno yaliyokuwa hai ndani ya kompyuta ya karani yameuawa njiani kwa ajili ya muhuri.

Hatuupingi muhuri. Tunafahamu kwamba matapeli wako na kwamba ofisa anataka hati yake iaminike. Lakini ni nani aliyekataza kuweka vyote viwili, hati yenye muhuri pamoja na maandishi yale yale yaliyohifadhiwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta? Kazi hiyo ni ya dakika chache, haihitaji kifungu cha bajeti wala mfadhili kutoka nje. Na faida yake haiwahusu wasioona peke yao. Hati ya picha huwa nzito. Mtu wa kisiwani mwenye mtandao wa kusuasua huingoja mpaka kifurushi chake kimeisha, hali maandishi matupu yangemfikia mara moja.

Liko kosa jingine ambalo ni dogo kiasi cha kuchekesha, lakini madhara yake ni makubwa. Kila ukurasa wa tovuti huwa na alama ambayo msomaji haioni, inayoiambia mashine kuwa maandishi haya ni ya lugha gani. Pale mjenzi wa tovuti anapoiacha alama hiyo ikisema kuwa lugha ni Kiingereza, wakati maneno yote ni ya Kiswahili, mashine hutii. Huyasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na neno kama “halmashauri” likatoka limevunjika mbavu, mithili ya mgeni aliyeshuka jana katika ndege akiwa na kamusi mkononi. Msikilizaji hubaki akikisia. Na haya hutendeka hali sauti ya Kiswahili imo tayari ndani ya programu ile ile ya bure. Sauti kavu, ni kweli, lakini inaeleweka. Kuisahihisha alama hiyo ni kubadili herufi mbili: panapoandikwa en paandikwe sw. Taifa lililokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi za Serikali tangu mwaka 1967 haliwezi kuona ugumu katika herufi mbili.

Huenda mtu akauliza, kwani huyo asiyeona hana ndugu wa kumsomea? Anaye, na ndugu zetu hawa wamesomewa maisha yao yote. Lakini tufikirie jambo lenyewe lilivyo. Maombi ya kazi za Serikali hupelekwa kwa Sekretarieti ya Ajira kwa njia ya mtandao. Kijana anayeshindwa kuujaza mfumo kwa mkono wake huenda kwenye stesheneri mjini, akakaa juu ya benchi, akamtajia mchapaji asiyemjua namba yake ya kitambulisho cha taifa, neno lake la siri, vyeti vyake, na aina ya ulemavu wake, watu wengine wakiwa nyuma yake wanangoja zamu. Mchapaji akikosea tarakimu moja, mwenye maombi hana njia ya kujua. Akibonyeza pasipo, maombi yamekwenda. Kesho mchapaji yule analo neno la siri la mtu. Huyu hatujamsaidia, tumemwondolea siri yake na kumwita mwenzetu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Matangazo ya kazi nayo huwahimiza watu wenye ulemavu waombe. Sisi tunaiheshimu nia hiyo. Hata hivyo, himizo lililoandikwa ndani ya picha isiyosomeka humhimiza nani? Vivyo hivyo kuhusu ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia mbili yake ni mikopo isiyo na riba kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024, na kuomba kwake kukaelekezwa kwenye mfumo wa kompyuta. Tunakubali kwamba mfumo huzuia vikundi hewa, ambavyo vilikuwa donda la kweli. Lakini lango likijengwa kuwazuia wezi lisiwe na kizingiti ambacho mwenye mali halali hawezi kukiruka.

Tusidhani kwamba habari hii ni ya wasioona tu. Visiwa vya Ukerewe vinajulikana kuwa na ndugu wengi wenye ualbino, ambao aghalabu wanaona lakini kwa uhafifu. Kwao tatizo ni maandishi membamba ya kijivu juu ya karatasi nyeupe, ambayo mafundi wa siku hizi huyaona kuwa ya kisasa. Wataalamu wameweka kipimo: mng'ao wa maandishi ya kawaida na wa mahali yalipoandikwa utofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kipimo hicho hupimwa na kompyuta yenyewe kwa sekunde moja. Pia ukurasa uweze kukuzwa bila maneno kutoka nje ya kioo cha simu. Mvuvi anayesoma juani katikati ya ziwa atashukuru vilevile, maana jua la saa saba humfanya kila mtu kuwa na uoni hafifu.

Na tukiwataja wavuvi, tuseme neno kuhusu hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari kwa watumiaji wa Ziwa Victoria, na hakuna asiyejua dhoruba za ziwa letu zimezika wangapi. Tahadhari ikitolewa kwa ramani ya rangi peke yake, nyekundu hapa na njano pale, mtu asiyetofautisha rangi hizo ameachwa gizani, na asiyeona kabisa hakupewa chochote. Karibu na ramani yaandikwe maneno: mahali gani, saa ngapi, upepo wa nguvu gani, mawimbi ya kimo gani. Maneno manne ya namna hiyo hupita katika ujumbe wa simu, husomwa na mashine, na hunakiliwa na mwenye chombo akawapelekea wenzake mwaloni.

Viziwi nao wana hoja yao. Ofisi nyingi sasa hupenda kuweka video za hotuba na ziara za viongozi. Bila maandishi chini ya picha, wala mkalimani wa lugha ya alama, kiziwi huona midomo ikicheza tu. Na hata akiwekewa maandishi, yawe ya Kiswahili chepesi, kwa kuwa kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni ya alama, na maandishi ya kiofisi yenye “rejea barua tajwa hapo juu” ni mzigo kwao kama ulivyo mzigo kwa wazee wetu wenye masikio mazima.

Mambo haya hayakubuniwa na sisi, wala si anasa ya kigeni. Shirika la kimataifa linalosimamia kanuni za mtandao, W3C, lilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1999, likautengeneza upya mwaka 2008, 2018 na 2023, nao unapatikana bure. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliziagiza nchi wanachama kuzifanya tovuti za umma zifikiwe na watu wenye ulemavu. Majirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Sirari, walitoa kiwango chao cha taifa kuhusu jambo hilo mwaka 2022. Sisi wenyewe tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 ya mkataba huo inataja waziwazi mawasiliano na mtandao wa intaneti. Katiba yetu katika ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa. Haki hiyo haikuandikwa kwamba ni ya wenye macho.

Yafaa pia maofisa wetu waijue kesi ya Sydney. Mwaka 1999 raia mmoja asiyeona, Bruce Maguire, alilalamika kwamba hawezi kuisoma tovuti ya michezo ya Olimpiki iliyokuwa ikiandaliwa katika mji huo. Waandaaji walijitetea kuwa kuitengeneza kungechukua zaidi ya mwaka na fedha nyingi mno. Wataalamu waliotoa ushahidi walieleza kuwa ni kazi ya wiki chache. Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ya Australia iliamua kwamba Maguire alibaguliwa, na baadaye waandaaji wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za huko. Tunaitaja kesi hii si kwa kupenda mahakama. Tunaitaja kwa sababu ya ule utetezi wa kwanza, kwamba kazi ni kubwa na fedha hakuna. Utetezi huo tumeusikia hata huku kwetu, kwa sauti ile ile.

Ukweli ni kwamba tovuti za halmashauri zetu zimejengwa kwa kiolezo kimoja kinachosimamiwa na Serikali Kuu. Ilivyo hivyo, kasoro ya kiolezo ikirekebishwa mara moja na Mamlaka ya Serikali Mtandao, Musoma, Bunda na Butiama zitapona siku moja pamoja na nchi nzima. Kinachobaki kwa halmashauri ni kile kinachopandishwa kila siku: matangazo, picha na video. Hapo hakuna wa kulaumiwa Dodoma. Picha ya Mkuu wa Wilaya akikagua kisima iandikiwe maneno ya kuieleza. Kiungo kisiandikwe “bonyeza hapa” mara kumi mfululizo, kwa kuwa mwenye kusikiliza huviita viungo peke yake, akasikia bonyeza hapa, bonyeza hapa, kama kasuku. Fomu imruhusu mtu kuongeza muda kabla haijajifunga. Afisa TEHAMA na afisa habari wakae pamoja na afisa ustawi wa jamii, jambo ambalo katika ofisi nyingi halijawahi kutokea ingawa wanatumia ngazi moja.

Wazee wa Ukerewe watakumbuka mwaka 1971. Mwalimu Nyerere alipozitaja wilaya sita ambazo zingeanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka huo kwisha, visiwa viwili vilikuwamo, Mafia na Ukerewe. Madarasa yalifunguliwa chini ya miembe, waliojua wakawafundisha wasiojua. Maana ya kazi ile ilikuwa kwamba mwananchi asitegemee kusomewa barua yake na karani. Wengi walifaulu. Leo mtoto wa mzee yule, aliyezaliwa haoni, aliyesoma hadi akapata shahada, amerudishwa kwa karani.

Hatudai pia kwamba tovuti, hata ikitengenezwa vizuri, itoshe. Wapo visiwani wasio na simu ya kisasa, wapo wasio na umeme wa kuichaji, na yako maeneo ambayo mtandao hupatikana ukipanda juu ya jiwe. Kwa hiyo redio, mbao za matangazo na mikutano ya vijiji viendelee, na huduma za Serikali kwa simu za kawaida kupitia *152*00# ziongezwe. Ofisa asije akajibu “tuliweka kwenye tovuti” akadhani amemaliza.

Shule ya Msingi Mwisenge iko mjini Musoma. Mwalimu aliingia hapo mwaka 1934 akitokea Butiama, na katika shule hiyo hiyo wamesomeshwa watoto wasioona. Mkoa haukosi, basi, watu waliohitimu wanaojua kusoma kwa masikio. Tunapendekeza Mkoa uwaite watano au sita kati yao, pamoja na kiziwi mmoja na mtu mwenye ualbino kutoka visiwani, uwalipe posho kama wanavyolipwa wataalamu wengine, uwakalishe siku mbili mbele ya tovuti zake, na kuandika kila mahali wanapokwama. Waanze na ukurasa wa mikopo. Orodha watakayoitoa ifike kwenye mabaraza ya madiwani ya Musoma, Bunda na Butiama kabla bajeti ya Julai haijafungwa, na ibandikwe pia kwenye tovuti hizo zenyewe, kwa maandishi, isiwe picha.